Jua la Siku ya Ukungu

Dada yangu mdogo alizaliwa na ngozi isiyo na rangi. Kwetu Walikale tulilima vipande vidogo katikati ya msitu, na kivuli hakikuwa mbali. Alipoolewa Masisi, mwishoni mwa miaka ya arobaini, alikuta vilima vitupu, shamba limeinama kuelekea mbingu kama paa la nyumba. Baadaye tukasikia kwamba mdomo na masikio yake yana vidonda. Baba akanituma: kama haviponi, nimrudishe. Mtoto wake angebaki kwa ukoo wa mume, ndivyo desturi.

Nilifika siku ya ukungu mzito. Dada alikuwa anapalilia maharagwe, mtoto mgongoni, kichwa na mabega wazi. Kofia yake ya majani ilining'inia jikoni.

"Mama, mbona hana kofia?" nilimwuliza mama mkwe wake.

"Jua iko wapi, Papa? Leo baridi. Uyoga ya Walikale inaogopa hata ukungu?"

Hakuwa na ubaya; "uyoga" ndivyo alivyomwita dada kwa weupe wake. Siku za jua kali yeye mwenyewe alimzuia dada asitoke. Ila alipima jua kwa joto, kama sisi wote.

Mimi nilikuwa nimejisomea, polepole, kitabu cha Kifaransa cha fizikia. Kilisema miali ya jua si ya aina moja. Ipo tunayoiona, ndiyo mwanga. Ipo tunayoihisi, ndiyo joto. Ya tatu haionekani wala haihisiwi, nayo ndiyo huunguza ngozi, na kwa miaka mingi huleta vidonda visivyopona. Ni jamaa ya miali ya ile mashine ya hospitali inayopiga picha mifupa, ambayo hupita mwilini bila mgonjwa kusikia kitu. Ukungu hupunguza joto, lakini sehemu kubwa ya miali hiyo hupenya. Na mlimani ni mingi kuliko bondeni.

Nilimweleza mama mkwe hivyo. Akacheka.

"Haionekane, haina moto, na inachoma. Hiyo iko mulozi, muchawi."

Jioni dada alifungua kitambaa alichombebea mtoto. Mabega yalikuwa mekundu, ila mahali kitambaa kilipopita palibaki peupe, mstari ulionyooka. Mama mkwe akagusa pale pekundu, dada akajikunja.

"Tangu juzi ni ukungu tu, Mama," nikasema. "Moto ilitoka wapi?"

Mama mkwe aliinuka. Aliishusha kofia, akaikung'uta masizi, akaitazama kwa mwanga wa moto.

Tangu kesho yake dada alilima alfajiri tu, akiwa na mikono mirefu, kuwe na ukungu au kusiwe. Mchana alipukuchua maharagwe chini ya paa. Nilikaa mpaka vidonda vya mdomo vikakauka. Kimoja cha sikio kilibaki; nesi wa zahanati ya karibu alikisafisha akataka akione tena.

Siku ya kuondoka mama mkwe alinisindikiza hadi njiani.

"Ambia Papa yenu, mukwe wangu anabaki. Na atume majani ya kofia. Ya huku inapasuka."