Pikipiki Inayosukumwa Mlimani

Kila mchana yule mwendesha pikipiki hula kwa Mama Dorothée, sokoni Nyabiondo, na bado hula ugali wa mbeba mizigo: bonge zima, maharage tele, kisha kidole gumba kinazunguka sahani mpaka ing'ae. Begani ana sugu la magunia aliyobeba kwa miguu kule Rubaya kabla ya kupata pikipiki. Sugu halijakua. Tumbo ndilo limekua hadi linagusa tangi la pikipiki, naye huliinua kwa mikono miwili kabla ya kukaa. Dorothée hushindwa kuelewa: chakula ni kilekile, sasa tumbo linatoka wapi? Jana alimwona akisukuma pikipiki mlimani, na leo tena amefika akihema, shati limelowa.

“Mama, esanse iliisha kule ku mulima.”

Alipokwenda kunawa, Dorothée akaitikisa pikipiki. Tangi lilikuwa limejaa petroli pomoni. Kumbe anautafutia mwili kazi ambayo injini iliunyang'anya! Akarudi kwenye beseni lililojaa mabonge yanayofuka mvuke, akakata moja katikati, akamwekea nusu.

“Na bugali iliisha, Papa.”