Tumbili wa Baba, Sokwe wa Mwalimu

Baba yangu aliamini kwamba yeye na tumbili ni ndugu, na sijaona mtu mwingine aliyevimba kichwa kwa sababu ndogo namna ile. Kwetu Wahaya kila ukoo una omuziro wake, yaani kiumbe au chakula ambacho watu wa ukoo huo hawakigusi. Wetu ni tumbili. Ukoo wetu uliwahi kutoa watawala, na baada ya Uhuru, serikali ilipofuta utawala wa jadi, baba, ambaye hakuwahi kutawala hata kuku, alinuna miaka mingi utadhani yeye ndiye aliyevuliwa taji. Alibakiwa na tumbili tu, basi akamng'ang'ania.

Tulikuwa tumehama Nyanga, kwenye kibanja cha babu cha migomba na kahawa, tukaenda Ngenge kuanzisha kijiji cha ujamaa. Baba aliupenda ujamaa kwa kuwa ulimpa uenyekiti. Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba tumbili wasipigwe katika shamba la pamoja. Walikula mahindi ya kijiji mchana kweupe, na watu wazima wenye mapanga mikononi wakawafukuza kwa kupiga makofi.

"Polepole, waitu," waliambiana. "Mwenyekiti asije akasikia."

Niliwadharau wote. Nilikuwa darasa la saba, mtihani wa kwenda sekondari umebakiza wiki chache, na shule yetu haikuwa imewahi kupeleka msichana hata mmoja. Mimi ndiye niliyeongoza darasa. Nikishindwa, nilijua nitabaki Ngenge kuwapigia tumbili makofi mpaka nizeeke.

Mtu mmoja tu nilimheshimu pale, mwalimu wetu wa sayansi, kijana mwembamba aliyetoka upande wa Tabora. Siku moja mwanafunzi alimuuliza ni mnyama gani aliye karibu zaidi na binadamu. Mwalimu akachora mti ubaoni. Kwenye tawi la juu akaweka mtu na sokwe pamoja, kando yao gorila, na mbali kabisa, kwenye tawi lao wenyewe, tumbili na nyani.

"Sisemi tumezaliwa na sokwe," alisema. "Sisi na yeye tumetokana na babu mmoja wa zamani mno. Wataalamu wamelinganisha damu za wanyama wengi, na hakuna iliyofanana na yetu kama yake."

Jioni tulipokuwa tunakula nilimweleza baba yote. Nilifanya makusudi, nilitaka kumchoma.

"Na enkende?" aliuliza. Hivyo ndivyo tunavyomwita tumbili kwa Kihaya.

"Yuko mbali, Taata. Tawi jingine kabisa."

Mkono wake ukasimama juu ya ndizi. Padri angekasirika kwa ajili ya Adamu. Baba alikasirika kwa ajili ya tumbili! Kwamba binadamu ni ndugu wa wanyama hakuona tatizo lolote, alichokataa ni kuona mnyama asiye na ukoo amekalishwa kwenye kiti cha mnyama wake.

"Huyo sokwe wa wapi? Umewahi kumwona hapa?"

Mama akadakia kwamba wavuvi wa Bumbire walisema serikali imeshusha sokwe kwenye kisiwa kimoja kusini mwa ziwa, na kwamba walitoka Ulaya kwa meli.

"Basi ni ndugu wa Wazungu," akasema baba, ameridhika. "Na wewe kesho huendi shule."

Nilikaa nyumbani siku tisa. Nilipalilia maharage huku nikimlaani kimoyomoyo, na kila asubuhi nilisikia kengele ya shule. Mwalimu alikuja mara mbili. Mara ya kwanza baba hakutoka hata nje. Mara ya pili nilitumwa kuchota maji, na niliporudi alikuwa amekwisha ondoka.

Kesho yake wazazi wakaitwa shuleni. Mwalimu alichora upya ule mti, kisha mbele ya kijiji kizima akamfuta sokwe kwa kiganja, akamwandika tumbili kando ya mtu, na sokwe akampeleka pembeni kabisa mwa ubao.

"Nilikosea," alisema.

"Sema kwa sauti, Mwalimu," akasema baba.

"Nilikosea."

Watu wakapiga makofi, yale yale ya shambani. Baba akaniambia, mbele yao, kwamba kesho nirudi darasani. Mimi nilimtazama mwalimu mwenye chaki kiganjani na kitu kikafa ndani yangu. Niliona amefyata mkia kama wengine, amemwogopa mzee anayetukuza tumbili. Tangu siku ile sikumwamkia. Alitubakiza jioni kwa masomo ya ziada, akahangaika nasi mpaka giza linaingia, nami nilimjibu huku natazama ukuta.

"Lililo sahihi unalijua?" aliniuliza siku moja.

"Nalijua."

"Basi inatosha."

Nikaona hayo ni maneno ya mwoga anayejifariji.

Nilifaulu. Nikasoma, nikawa mwalimu wa baiolojia Bukoba mjini, na kila mwaka nilichora ule mti wa kwanza bila kumwomba mtu ruhusa. Siku moja, baba akiwa amekwisha fariki, nilikuwa jikoni kwa mama tunamenya ndizi, nikawa nasimulia kisa kile kwa kejeli, nikimwigiza mwalimu na sauti yake ndogo. Mama hakucheka.

"Mwana wange," alisema, "siku ile ulipokuwa kisimani, baba yako alimwambia mwalimu achague, mchoro wake au wewe. Mwalimu akaja hapa nilipo, akaniuliza, 'Mama, kweli huyu binti atafaulu?' Nikamwambia atafaulu. Akasema, 'Basi nitafuta.'"

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemsikiliza nani? Ulikuwa unatudharau sote."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikauliza aliko mwalimu, mama akasema alihamishwa zamani, na pale kijijini hakuna aliyejua alipelekwa wapi. Nikaendelea kumenya. Siku nilipoondoka Ngenge kwenda sekondari, mwalimu alikuja mpaka kwenye lori, akasimama upande wangu, akasema, "Kasome, mwanangu." Nilimsikia vizuri kabisa. Niligeuza uso, nikampa mgongo, na nikajiona nimefanya jambo la maana.