Beseni Yenye Inakataa Kuanguka

"Gasaro, nakuomba na heshima yote, angusha hiyo beseni!" Ghislain, mwenye kutengeneza filme, alishachoka. "Wapi uliona mama wa kuuza samaki za sambaza anadaka beseni na mguu umeinuliwa nyuma?"

"Acha mutoto!" Maman Mukabaranga, mwenye samaki, akapiga makofi. "Rudilia, mwanangu!"

Soko yote ya Kamembe ilisimama kuangalia. Gasaro akashusha mguu, haya imemushika. Haikuwa kiburi. Aliingiaka jimnastiki angali mudogo, ile ya muziki, ya ruban, utepe murefu, na mpira, mu salle, ukumbi ya parokia. Maman Micheline wa Bukavu alimufundishaka kitu kimoja kupita byote: chombo kisiguse chini. Vunja shingo ukipenda, lakini chombo hapana. Akashinda Kigali. Kampala mpira ukamutoroka mpaka chini ya meza ya ba juge, waamuzi. Akaufuata na magoti, akatokea ngambo ingine anacheka, meno inje, kama vile ni programe. Akakuwa wa mwisho, na batu bakamushangilia kuliko wa kwanza. Goti ilipokataa kazi, akaona: kumbe kuko namna ya kuangaliwa bila kuruka. Akaingia mu filme. Siku zote walimupa kupita nyuma ya batu na kapu. Leo njo mara ya kwanza kusema.

"Mara moja tu tena," Ghislain akasema. "Ikikataa, role ni ya Nasiba. Hana talanta, lakini kuangusha bitu anajua!"

Gasaro akashika beseni na mikono mbili.

"Papa Ghislain, huyu mama wa filme, bwana yake anamwambia nini?"

"Kwamba ameoa mwingine Bukavu."

"Na yeye anateleza tu, anaangusha beseni?"

"Njo tuliandika vile."

"Ah, hapana. Huyu hatelezi."

Kamera ikawaka. Valens, mwenye kucheza bwana yake mu filme, akasema maneno yake na sura ya huruma. Gasaro akamuangalia kwanza. Halafu akanyanyua beseni polepole, vidole vya mguu vimenyooka hata ndani ya sapato, na kumwagia Valens sambaza yote kwa kichwa.

Valens akalia kilio chenye hakuna mwenye alimuandikia.

"Ongeza! Kuko samaki ingine hapa!" Mukabaranga akaita.

Ghislain akainama kuangalia kamera. "Coupé, kata! Nasiba aende kula."

"Tunarudilia?" Gasaro akauliza.

"Hapana!" Valens akajibu, akitoa samaki mu sikio.

Lakini Ghislain alishapanda pikipiki, anakimbilia kwa kinyozi: batri ya kamera ilizimika mbele samaki zimwagike, na zingine zilibakia kule, zinachajiwa.