Aliyetaka Ramani ya Mtaa Wetu

Jumanne nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya ardhi hapa Kakamega. Mbele yangu mwalimu mstaafu, jirani yetu katika mtaa wa nyumba kubwa na mageti meusi, aliomba kuona ramani ya zamani.

"Ni ya kesi?" karani akamuuliza.

"Hapana. Naandika historia ya mtaa. Nataka kujua nani aliishi pale kabla yetu."

Karani alifunga faili polepole, akaliwekea kiwiko. "Mwalimu, nani amekutuma?"

Mama wa mtaa huohuo, aliyesimama nyuma yangu, akaninong'oneza, "Na huyu tunamkaribishanga chai."

Mwalimu aliondoka bila ramani. Nilimwonea huruma. Hata hivyo, nilipofika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, niliitoa hati yetu ya kiwanja kwenye droo nikaifungia kabatini.