Vigingi Nilivyokaushia Samaki

Watu wakisema reli ndiyo iliyoijenga Kamina, mimi hucheka. Reli ilileta mishahara, sawa. Lakini mshahara hauliwi. Watu walikaa hapa kwa sababu walipata chakula, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokiuza: samaki wakavu wa kule ziwani Kinkondja, walioletwa kwa baiskeli na kushushwa njia panda, karibu na karakana ya reli. King'ora kikilia, wafanyakazi walitoka wakatukuta hapo hapo.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini akaja mzungu wa vipimo. Alipiga vigingi ng'ambo ya reli, kwenye majani matupu, akasema soko litahamia kule. Kwenye ramani yake, njia panda yetu ilikuwa barabara tu.

Wiki hiyo mvua ilinyesha na mizigo ikafika imelowa. Samaki aliyelowa akilala siku mbili ni wa kutupa. Kuni zote zilikuwa mbichi, ila vile vigingi vilikuwa mbao kavu, nzuri kabisa. Nilivuka reli, nikaving'oa, nikawasha moto. Msiniulize kama nilijuta.

Mume wangu, fundi wa reli, alishika kichwa. Nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kazi yake; akifukuzwa, tunalala nje.

"Weye mwanamuke, bijiti bya muzungu! Batatufukuza mu kampi na batoto!"

"Batufukuze. Samaki haijue njia ya kule."

Kesho yake mzungu alikuja sokoni amefura kwa hasira.

"Nani njo alitoa bijiti?"

Wenzangu waliinamia vikapu vyao. Mume wangu alikuwa mlangoni mwa karakana, ananitazama. Nikasogea mbele, nikakiri; liwalo na liwe.

"Njo minyi. Na samaki yenye ilikauka na ile moto, mupishi wako alishakamata. Weye ulikula jana."

Wanawake waliangua kicheko. Mzungu akauliza mimi ni mke wa nani, akaandika jina la mume wangu, akaondoka.

Mwezi mzima tuliishi na virago vimefungwa. Barua ya kufukuzwa haikuja. Yalikuja malori: base, kambi kubwa ya jeshi, ilikuwa inajengwa, na vibarua wake walishukia kwetu, penye chakula. Nyuma yao wakaja washonaji, mafundi baiskeli, wauza mihogo kutoka Kabongo. Kule ng'ambo majani yalifika kifuani.

Mwishowe mzungu alirudi na vigingi vipya, akavipiga kutuzunguka sisi pale pale njia panda, bila kunitazama usoni. Kimoja kililegea. Nikaokota jiwe, nikakigongelea mwenyewe mpaka kikashika.