Wifi Aliosha Majani Yangu kwa Majivu, Eti Mimi Niombe Radhi

Bwana Mhariri, jina langu lizikwe huko huko ofisini. Mji wetu wa Gisenyi, hapa kando ya ziwa, ni mdogo, na gazeti hili husomwa kwa sauti barazani kwetu. Siku barua hii ikitoka nitakuwa nimekaa pale pale, nashona huku nikisikiliza.

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, fundi cherehani, mke wa dereva wa lori na mama wa watoto wawili. Sitafuti huruma. Naandika kwa sababu nimeamriwa niombe radhi, na mimi sitaki.

Mwaka jana madamu mmoja wa Kibelgiji niliyekuwa nikimshonea mapazia alirudi kwao. Siku ya kufunga mizigo alinipa sanduku la kioo alilofugia samaki, lenye mimea inayoota chini ya maji. Nikaliweka mezani karibu na cherehani yangu, dirishani. Tangu niolewe, kila kitu cha nyumba hii ni cha mume au cha ukoo wake, hata cherehani ni ya marehemu mama mkwe. Sanduku lile lilikuwa langu. Nililipenda kuliko inavyofaa kukiri.

Nilianza vibaya, sifichi. Majani ya madamu yalikufa mwezi wa kwanza. Nikaokota mengine ziwani, nikayapanda kwenye udongo mweusi uliochanganywa na samadi ya ng'ombe, kama mtu anayepanda mboga. Maji yakawa mazito na nyumba nzima ikanuka. Nikatupa yote, nikaleta mchanga wa ufukweni, nikausuuza mpaka maji yakatoka meupe, nikapanda majani mengine na kutia samaki wadogo wa ziwani. Safari hii kilichoniponza ni malezi. Kwetu kila chombo cha maji humwagwa siku ya Ijumaa na kusuguliwa kwa majivu, na maji yaliyolala huhesabiwa uchafu. Basi kila Ijumaa nilimwaga sanduku langu, nikalisugua, nikaosha hata majani moja moja. Yalilainika yakanyofoka. Nikajiona nina mkosi wa mikono.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa Nyamyumba anayeniletea samaki mlangoni. Aliinama akatazama, akacheka.

"Dada, unaosha majani kama sahani? Ile inakula uchafu ya samaki. Acha maji ilale. Toa kidogo tu, ongeza kidogo, ingine uache."

Akanionyesha pia kwamba shingo ya mmea haifukiwi, mizizi tu ndiyo inayoingia mchangani. Jani lililooza nilikate kabla halijachafua mengine. Samaki wawili wadogo wanatosha. Jua la asubuhi liingie, la mchana nilizuie kwa kitambaa. Nikamtii, ingawa Ijumaa ya kwanza mikono iliniwasha kutaka kusugua. Wiki ya tatu jani jipya likachomoza, dogo, la kijani kibichi. Nililia, jamani. Baada ya hapo kila asubuhi kabla ya kukanyaga cherehani nilikaa nikayatazama vile yanavyotoa viputo juani, na siku yangu ikaenda vizuri.

Ndipo wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akahamia kwetu. Ni mwanamke msafi, simnyimi hiyo. Tangu siku ya kwanza maji yale yalimkera. Nilimweleza mara mbili, kwa adabu, kwamba yasiguswe.

Ijumaa iliyopita nilipeleka magauni kwa mteja kule Nyundo. Niliporudi alasiri nilikuta kioo kimesuguliwa kwa majivu kinang'aa, maji mapya mpaka juu, samaki wote wawili wanaelea. Majani yangu yalikuwa kwenye ungo juani, yamefungwa fungu moja kama mchicha wa sokoni.

"Maji imelala mwezi muzima ndani ya nyumba ya kaka yangu," akaniambia. "Mi nimekusaidia."

"Wifi, nilikukataza. Umeua vitu vyangu."

"Majani ya ziwa iko vitu?"

Sikumtukana. Nilichambua fungu lile, nikapata vishina vinne vyenye mizizi migumu, nikamwaga maji yenye majivu, nikavipanda upya. Kisha nikaenda dukani nikanunua kufuli, nikafunga chumba cha cherehani. Hapo ndipo nilipokuwa mkosaji. Kwetu mke hafungi mlango mbele ya ndugu wa mume. Ni kama kumwita mwizi. Wifi akawaita wajomba zao, wajomba wakakaa, nikasemwa mpaka chai ikapoa.

Mume wangu aliporudi safarini hakuuliza nini kilikufa. Alisema, "Donc, basi, mama watoto, ni majani tu. Omba dada radhi, umupe ufunguo, maneno iishe."

Nikamwuliza, "Dada yako akitia majivu ndani ya injini ya lori yako, akasema alikuwa anaisafisha, utamwomba radhi wewe?"

Akasema lori inalisha watu. Nikamjibu kwamba sindano yangu pia inalisha watu, na ninayeishika ni mimi. Alikula chakula chake bila kuniangalia.

Sasa nimepewa mpaka Ijumaa hii. Baada ya swala wajomba watakuja tena. Nipige magoti mbele ya wifi na kukabidhi ufunguo, la sivyo nirudi kwa baba yangu Bukavu, na watoto wabaki. Hilo la watoto ndilo linalonikata maini, na wao wanalijua, ndiyo maana wamelisema. Shoga zangu wananiambia nimeze tu, magoti hayavunjiki. Lakini leo nikipiga magoti kwa majani, kesho nitapiga kwa nini?

Nishaurini, kina mama na kina baba mnaosoma. Watoto wangu siwaachi, na ufunguo siutoi. Tafuteni ushauri unaopita katikati ya hayo mawili. Na wewe utakayesema niombe radhi, sema, ila kwanza uniandikie hapa hapa gazetini, watu wote wasome: niombe radhi kwa kosa gani?