Shangazi Anahojiwa

Mfuga kuku huyo ana sauti moja tu, na huitumia kwa kuku, kwa wateja na kwa binti wa kaka yake, mwanafunzi wa chuo aliyekuja kukusanya maoni ya watu kuhusu antibiotiki wanazopewa mifugo. Hakai chini kuhojiwa. Anajibu huku mikono ikiendelea na yake: inapima unga wa dawa hizo kwa kizibo cha soda, inaongeza kizibo kingine cha baraka, inakoroga, kisha inajaza vyombo vya maji bandani. Macho hayatoki usoni kwa binti, na kila binti anapokunja ndita, jibu linageuka.

"Basi futa ndiyo, andika hapana," anasema. "Siwezi kukufelisha kwa ajili ya kuku."

"Shangazi, hakuna kufeli hapa. Nataka unavyofikiri wewe."

"Nafikiri unavyotaka, mama."

Swali la mwisho lilikuwa kama dawa hubaki kwenye mayai. Shangazi alijifuta mikono taratibu, akasema hajui, hayo ni mambo ya wasomi. Binti akaandika kwamba hajui. Kisha akaambiwa asiondoke mikono mitupu, achukue mayai, naye akanyoosha mkono kwenye trei zilizopangwa mlangoni. Shangazi akamshika kiganja, kwa upole ule ule wa kumshika kuku anayetaga.

"Hayo ya wateja," akasema, akazunguka nyuma ya nyumba kumletea ya kuku wake wawili wa kando, wanaokunywa maji matupu.